Mwekundu, mweusi au wa kichanga: ni udongo upi kandokando ya Nairobi utakaobeba msitu wako?

Panda matatu Limuru, shuka mjini, kisha panda nyingine ya Kitengela. Katika safari hiyo ya saa mbili hivi, msongamano ukikuonea huruma, utakuwa umevuka aina mbili za udongo zisizofanana kwa rangi, kwa tabia wala kwa kemia, ingawa zote mbili zimezaliwa na lava za ukoo mmoja. Ukielekea Machakos badala ya Kitengela utakutana na wa tatu, uliotokana na miamba iliyokuwapo mamia ya mamilioni ya miaka kabla Bonde la Ufa halijapasuka.

Ulinganisho huu ni wa mtu au kikundi kinachotaka kupanda miti ya kiasili kwenye ekari moja au kumi pembezoni mwa jiji na hakijaamua wapi, au kimeshanunua shamba na sasa kinauliza ni miti gani itakayokubali. Desturi ni kuanzia kitaluni: mche unapendeza, unanunuliwa, ndipo panatafutwa pa kuuweka. Sisi tunashauri uanze na jiwe lililo chini.

Mwamba hutoa, maji hugawa

Naitrojeni ya msitu hutoka hewani kwa kazi ya bakteria. Fosforasi, kalisiamu, magnesiamu na potasiamu hazina mlango huo. Hutoka kwenye jiwe linalooza polepole, pamoja na vumbi kidogo linaloletwa na upepo. Ndiyo sababu mvua ikiwa ileile, msitu unaweza kubadilika sura kwa mwendo wa dakika chache. Arabuko-Sokoke kule pwani ni mfano mzuri: kwenye mchanga mwekundu wa Magarini kuna vichaka vizito vya Cynometra, kwenye mchanga mweupe uliochoka kumesimama Brachystegia, na kwenye mchanga wa kijivu upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko. Mipaka ya misitu hiyo hufuata mipaka ya mchanga.

Umri nao una neno. Mwaka 1976, watafiti wa udongo T. W. Walker na J. K. Syers walieleza jambo ambalo wataalamu wa udongo bado wanalitumia: madini ya apataiti, yenye fosforasi, huyeyuka na kwisha kadiri karne zinavyopita, na fosforasi iliyobaki hufungwa ndani ya oksidi za chuma na alumini. Visiwa vya Hawaii vimeonyesha hili waziwazi, maana lava zake zina umri unaojulikana, kuanzia miaka 300 hadi milioni 4.1. Kwenye lava changa miti ina njaa ya naitrojeni. Kwenye lava kongwe njaa ni ya fosforasi.

Nairobi magharibi imekaa juu ya lava iitwayo trakaiti: ya Nairobi, ya Kabete, ya Karura, na juu zaidi ile ya Limuru. Kusini na mashariki kuna lava nyingine, fonolaiti, ya Kapiti ikiwa ya kale kuliko zote, kama miaka milioni 13. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Wakisikia "udongo wa volkano" hudhani kila kirutubisho kimo. Kauli hiyo inafaa zaidi kwa lava ya basalti, ambayo oksidi ya kalisiamu hufikia asilimia 10 hivi. Trakaiti huwa na 1 hadi 2, na magnesiamu chini ya 1. Utajiri wake ni sodiamu na potasiamu. Udongo wetu mwekundu ulianza na mtaji mdogo wa kalisiamu, kisha mvua ikauchota.

Kwa nini basi lava za ukoo mmoja zikatoa wekundu Karura na weusi Embakasi? Kwenye migongo ya Kiambu maji hupenya na kwenda zake, yakibeba silika, sodiamu na kalisiamu. Kinachobaki ni aina ya mfinyanzi iitwayo kaolinaiti, na oksidi za chuma, ndiyo ile rangi inayokataa kutoka kwenye soksi nyeupe. Kwenye tambarare ya Athi maji hayana pa kwenda. Silika na chumvi zilizoyeyuka hukusanyika hapo na kujenga smektaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mbuga ya wanyama ya Nairobi inaonyesha tofauti hiyo bila darubini: upande wa magharibi, kwenye mwinuko, kuna msitu wa mutamaiyu (mzeituni mwitu) na Croton, ukishuka kidogo tu, nyasi na migunga.

| | Mwekundu (Limuru, Kabete, Karura) | Mweusi (Kitengela, Athi River, Embakasi) | Wa kichanga (Machakos, Kangundo) |
|---|---|---|---|
| Mwamba mama | trakaiti | fonolaiti na majivu yaliyoganda | naisi |
| Mfinyanzi mkuu | kaolinaiti na oksidi za chuma | smektaiti | kaolinaiti, pamoja na kwatzi nyingi |
| pH ya kawaida, kwa maji | 5.0–6.0 | 6.5–8.5 | 5.5–6.5 |
| Kinachopungua kwanza | fosforasi | hewa, kisha chuma na zinki | maji, naitrojeni, fosforasi |
| Miche kwa ekari | 450 (mita 3 kwa 3) | 160 (mita 5 kwa 5) | 250 (mita 4 kwa 4) |

pH ni kipimo cha uchachu: chini ya 7 ndivyo udongo ulivyo mchachu. Namba hizo ni za kukuelekeza. Za shamba lako utapewa na maabara.

Mwekundu: kina kirefu, kufuli ngumu

Udongo huu mara nyingi hupita mita mbili kwenda chini, hushika maji bila kutuama, na mizizi huupenya kwa raha. Kwa msitu uliofunga juu, huu ndio wa kwanza bila ubishi. Misitu ya Karura na Ololua ni ushahidi uliosimama.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, oksidi za chuma hufunga fosforasi. Ukimwaga mbolea juu na kuichanganya na shimo zima, umeilisha chuma, hujaulisha mti. Iweke mahali pamoja, kiganja kimoja chini ya mizizi na kando kidogo. Gramu 100 za unga wa mawe ya fosfati ya Minjingu kutoka Tanzania zinatosha kwa shimo, na hapa hufanya kazi vizuri kwa sababu uchachu wenyewe ndio unaoyayeyusha. Mbolea ya DAP iepuke: huongeza uchachu mahali ambapo tayari upo.

Pili, kaolinaiti ina mikono michache ya kushika virutubisho. Kwa kipimo cha maabara cha sentimoli kwa kila kilo, kaolinaiti hushika 3 hadi 15, smektaiti 80 hadi 120, mboji zaidi ya 200. Soma tena namba hizo. Kwenye udongo mwekundu, akiba karibu yote iko ndani ya mboji ya sentimita 20 za juu. Anayesafisha shamba kwa tingatinga na kusukuma tabaka hilo pembeni amebaki na shamba lenye rangi nzuri na tumbo tupu. Fyeka kwa panga, acha majani yaoze hapohapo.

Kuhusu chokaa, ushauri unaosambaa ni mwingi mno. Alumini huanza kuumiza mizizi pH inapokaribia 5 kwenda chini, lakini miti ya kiasili ya milima hii imeishi na hali hiyo. Ukiona chai imestawi, kama Limuru ilikopandwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, jua pH iko chini ya 5.5. Hapo usimwage chokaa shamba zima. Ikiwa maabara imesoma chini ya 5.0 na unapanda muringa, changanya gramu 200 za chokaa ya kilimo kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Hesabu yake ni nyepesi: shimo hilo lina udongo wa kilo 240 hivi, na gramu 200 ni karibu sawa na tani mbili kwa hekta zilizochanganywa hadi kina cha sentimita 20. Ukiizidisha mara tano, kama wengi wafanyavyo kwa kudhani chokaa ni mbolea, zinki na manganizi hukosekana na majani machanga hugeuka njano.

Manganizi huleta shida ya kinyume pia. Udongo wa ukanda wa Kabete unayo kwa wingi, na mahali maji yanapotuama, kwa mfano chini ya bomba linalovuja au bondeni, huyeyuka kupita kiasi. Dalili ni madoa ya kahawia kwenye majani ya zamani, yakianzia pembeni. Dawa ni kuondoa maji kwanza, chokaa baadaye.

Miti: muhugu, ule wa wachonga vinyago, kwa jina la kitaalamu Brachylaena huillensis, mukinduri, muringa, muthiga, muiri, mutamaiyu. Muhugu una mvuto wa pekee kwa mada hii kwa sababu unamea Karura juu ya trakaiti na pia Arabuko-Sokoke juu ya mchanga mwekundu. Mti kama huo hauchagui jina la mwamba; unachagua udongo usiotuamisha maji. Ila una mwendo wa kobe, kwa hiyo uchanganye: mukinduri safu mbili, muhugu safu moja chini ya kivuli chake.

Mweusi: una kila kitu ila hewa

Ukisoma karatasi ya maabara ya Kitengela kabla hujaona shamba utashangilia. Kalisiamu tele, magnesiamu tele, pH ya kupendeza. Kisha mvua ya masika inafika na gumboti inabaki shambani mguu ukitoka. Kemia ya udongo huu ni nzuri. Tabia yake ndiyo inayoua miche.

Udongo ukilowa, nafasi za hewa hufunga na mizizi hukosa pumzi. Ukikauka, hupasuka nyufa ambazo mkono mzima huingia, na mizizi midogo hukatika kama nyuzi. Miti iliyozoea, hasa mgunga mdogo wa miiba inayopiga mluzi, Acacia drepanolobium, ina namna ya kuvumilia yote mawili. Muiri hauna.

Makosa makubwa hapa ni matatu. La kwanza ni shimo refu lenye kuta zilizolainishwa na jembe. Kwenye udongo huu shimo la sentimita 60 huwa sufuria: maji huingia, hayatoki. Chimba sentimita 30 tu, chokora kuta kwa uma wa shamba, kisha inua tuta la sentimita 30 juu ya usawa wa ardhi, upana wa mita moja, na upande mche juu yake. Chora mfereji wa kina cha sentimita 40 kati ya safu, uelekee mteremko hata kama ni mdogo kiasi gani.

La pili ni lile la kununua lori za udongo mwekundu na kuumwaga juu. Kwa bustani ya maua mbele ya nyumba, sawa. Kwa msitu ni hasara iliyopigwa rangi. Mizizi hufika kwenye mpaka, inakuta maji yaliyosimama juu ya mfinyanzi, inageuka na kutambaa kando. Miaka michache baadaye upepo unailaza miti. Na kumbuka udongo huo ulikotoka: mtu fulani Kiambu ameuza akiba yake yote ya mboji.

La tatu halionekani mara moja. Maji ya visima virefu vya Nairobi hupita katika lava zilezile zenye sodiamu nyingi, kwa hiyo hutoka yakiwa na magadi na floridi. Ukiyamwagilia juu ya udongo mweusi miaka miwili mitatu, sodiamu huchukua nafasi ya kalisiamu, chembe hutawanyika, uso wa ardhi hufunga kama sakafu. Pima maji ya kisima kabla ya kutandika mabomba. Sodiamu ikipita asilimia 15 ya virutubisho vilivyoshikwa na udongo, utahitaji jasi kwa kiasi kitakachotajwa na maabara, si chokaa. Njia rahisi zaidi ni tangi la maji ya paa.

Na Minjingu? Iache. Kwenye pH 8 mawe hayo hukaa tu kama mawe. Tumia samadi iliyoiva, ndoo ya lita 20 kwa tuta. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma kimefungwa na chokaa asilia ya udongo. Nyunyizia majani, usipoteze fedha kukiweka ardhini.

Panda hapa mgunga wa njano, Acacia xanthophloea, kandokando ya mito na mabonde. Acacia gerrardii na Balanites juu kidogo. Tuseme ukweli: hutapata Karura Kitengela. Utapata mbuga yenye miti, jambo ambalo ndilo ardhi hiyo imekuwa ikilifanya kabla ya ploti, na hakuna aibu ndani yake.

Wa kichanga: mwamba mkongwe, mkono mfupi

Kuanzia vilima vya Mua hadi Iveti na kuzunguka Ol Donyo Sabuk, lava zimekwisha na naisi imejitokeza. Ni jiwe la kwatzi, feldispa na maika nyeusi. Kwatzi haioteshi kitu; ni mchanga tu. Feldispa na maika huachia potasiamu polepole, kwa hiyo usitumie fedha kwenye mbolea ya potasi bila kipimo. Fosforasi ya jiwe hili ni ndogo tangu mwanzo, na mboji huliwa haraka na joto na mchwa.

Uzuri wake ni kwamba haufungi fosforasi kwa ukali wa udongo mwekundu. Kidogo unachoweka, mti unakipata. Gramu 50 za TSP, mbolea ya fosfati, na ndoo ya samadi kwa shimo la sentimita 45 huleta tofauti ya kuonekana. Lakini maji hukimbia, kwa hiyo tengeneza nusu mwezi wa udongo upande wa chini wa kila mche, upana wa mita mbili, kuta za sentimita 20. Tandaza majani makavu, ila yaache mbali na shina kwa shubiri moja. Mchwa hupanda kupitia hapo, na huanza na mche wenye kiu.

Mukau, Melia volkensii, ni wa hapa. Hautaki miguu yake majini hata kwa wiki, ndiyo maana unaopelekwa Kitengela hufa na lawama hupewa kitalu. Muuku, mkwaju na Combretum molle huufuata. Kwenye vilele vya milima, ambako ukungu hulala na mboji ni nene, mambo hubadilika na miti ya nyanda za juu hukubali.

Kupima bila kudanganyika

Chukua sampuli sehemu 12 hadi 15 kwa mwendo wa kuyumbayumba, sentimita 0–20, na nyingine 20–50 kwenye mfuko wake. Changanya ndani ya ndoo ya plastiki. Ya mabati huongeza zinki. Anika kivulini, peleka nusu kilo. Uliza maabara imepima pH kwa maji au kwa kloridi ya kalisiamu, maana ya pili husoma chini kwa nusu hadi nzima, na watu wamenunua chokaa kwa sababu ya tofauti hiyo pekee. Kwa udongo wenye pH zaidi ya 7, omba fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen.

Jaribio la chupa la kutenganisha mchanga na mfinyanzi, udongo theluthi moja na maji na kijiko cha sabuni ya unga, hufaa kwa udongo wa kichanga. Kwa mwekundu husema uongo: oksidi za chuma hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa punje, zinazama mapema, unaandika "mchanga". Mweusi una jaribio rahisi zaidi. Dondoshea siki kwenye vijiwe vyeupe vilivyomo ndani yake. Vikitoa povu, hapo pana chokaa asilia, na chuma kitasumbua.

Kabla ya kulipa arubuni

Mwenye nafasi ya kuchagua na anayetaka msitu uliofunga achukue mwekundu wa mteremkoni, hata kama ni nusu ya eneo ambalo fedha zilezile zingenunua tambarare. Anayetaka mbao za mukau na ana subira ya maji aende Machakos. Mweusi ni wa anayependa migunga, au aliyekwisha kununua.

Vyovyote iwavyo, omba ruhusa uchimbe shimo moja la upana wa sentimita 30 na kina cha 60 mahali pa chini kabisa pa shamba. Lijaze maji, yaishe, lijaze tena, kisha pima kwa rula yanashuka kiasi gani kwa saa. Zaidi ya sentimita 2.5, mti wowote uliotajwa juu utapumua. Chini ya 1, panga matuta na migunga. Kwenye udongo mweusi usifanye jaribio hili wakati wa kiangazi: nyufa humeza maji yote kwa dakika chache na muuzaji atakuambia, akiwa na uso mkavu, kwamba shamba lake halituamishi. Rudi wiki ya tatu ya mvua.